Maharagwe Kwenye Kipandio cha Pili

Mwalimu wetu wa mbinu za utafiti alianza kila somo kwa kutulazimisha kuandika mambo matatu mazuri yaliyotupata siku ile. Tulikuwa wanafunzi tisa wa uzamili, watu wazima wenye familia zetu, tumepanda kilima asubuhi na matope hadi kwenye vifundo vya miguu, na yeye anasimama mbele yetu na viatu vyeupe akisema furaha ni msuli na msuli hufanyiwa mazoezi. Sijui viatu vile aliviokoaje na mvua ya Bukavu. Jirani yangu wa dawati, baba mmoja mwenye mvi anayefundisha hesabu, aliandika "umeme umerudi" mara tatu. Mimi niliandika kwamba watoto wamekula, mvua imekatika, na somo litaisha saa sita. Hilo la tatu mwalimu hakulipenda.

Nasema haya nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Lakini niseme na ukweli mwingine: somo lenyewe nililipenda. Nilipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kuna saikolojia inayoitwa chanya, ambayo haiulizi mtu anaumwa nini bali inauliza ni kitu gani kinamsimamisha, nilishusha kalamu nikasikiliza. Nimezaliwa Nyalukemba, mtaa wa hapa hapa Bukavu, na nimekulia hapo, na tangu nipate akili nimewaona watu wakija na madaftari yao kutuuliza tumeumizwa wapi, na nani, mara ngapi. Hakuna aliyewahi kuja na daftari kutuuliza mnawezaje kuamka. Nikajiambia, hili ndilo swali langu, nitalisomea hata likinitoa roho.

Lilinichukua miaka mitano badala ya miwili. Mara chuo kimefungwa, mara barabara hazipitiki, mara mji umekuwa wa wengine na sote tumejifungia ndani tukihesabu milio ya risasi. Katika miaka hiyo mitano niliendelea kufundisha sekondari, na mkuu wa shule aliniahidi kazi ya mshauri wa wanafunzi siku nitakapoleta shahada. Mama yangu mzazi naye alikuwa ameshatangaza parokia nzima kwamba binti yake atatetea tasnifu mwaka huu. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au nionekane mwongo mbele ya watu wote ninaowajua.

Tasnifu yangu ilihusu kuridhika na maisha miongoni mwa wanawake wanaolima. Msimamizi wangu alikuwa mwalimu yuleyule wa viatu vyeupe. Alitaka watu wasiopungua mia moja. Sabini na wanane niliwapata mjini na pembezoni mwake bila shida. Waliobaki niliamua kuwatafuta Nyantende, kijiji cha nje ya mji, kwenye kikundi cha akina mama wanaolima pamoja, kwa sababu kiongozi wao amemuuzia mama yangu siku nyingi, anamletea maharagwe na mihogo.

Wengi wao hawasomi, kwa hiyo nilitengeneza ngazi. Nilichukua katoni kubwa nikachora vipandio saba kwa kalamu nene. Kipandio cha saba juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyafikiria, cha kwanza chini ni mabaya kuliko yote. Kila mama nampa punje moja ya haragwe, aiweke pale anapojiona yeye. Nilijivunia ngazi ile kupita kiasi. Niliwaonyesha wenzangu darasani, nikamwonyesha na mume wangu aliyekuwa anakula na hakutaka kuonyeshwa kitu.

Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba kila mtu ajibu peke yake, mahali tulivu, pasipo macho ya wengine. Nilikuwa nimeiandika sheria hiyo na kuipigia mstari. Lakini Nyantende nilikuta akina mama ishirini na sita wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa wakinisubiri, na nilipowaambia nitawaita mmoja mmoja, kiongozi wao alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Unatutenga juu ya nini? Iko siri gani?"

Nikaona aibu. Nikaiweka katoni sakafuni katikati yao wote. Huo ulikuwa upumbavu wangu wa kwanza, na huo haukufanywa na msimamizi wala na vita, niliufanya mimi.

Kiongozi alichukua punje ya kwanza akaenda kumpa mama mmoja aliyekaa mwisho, mwembamba, kitenge cha rangi ya kahawa kimemkaa mabegani kama cha kuazima. "Maman, wewe anza." Mimi nikadhani ni heshima ya umri. Mama yule aliitazama katoni muda mrefu, hata nikaanza kutazama saa, kisha akainama akaiweka punje yake kwenye kipandio cha pili. Baada yake wengine walikuja haraka haraka kama wanaotoa sadaka. Pili. Pili. Pili. Vijana wenye vichanga mgongoni, pili. Kiongozi mwenyewe, mwenye ng'ombe wawili na mwana anayesomea udaktari, pili. Sikumaliza nusu saa. Nilikusanya maharagwe yangu nikiwa nimechukia, nikajisemea hawa wametaka tu kumaliza wakaendelee na shughuli zao.

Sikuuliza kitu. Dodoso langu lilikuwa na mahali pa umri, pa ndoa, pa idadi ya watoto, na nilipokwisha kujaza hapo nikaona nimekwisha kumjua mtu. Mama wa kwanza alipoulizwa watoto wangapi alisema sita. Nikaandika sita.

Msimamizi alizitazama karatasi zangu kwa dakika chache tu. Yeye husema nasi Kifaransa, hata kwenye ngazi za jengo, hata akiomba moto wa sigara.

"Madamu," alisema, "binadamu hawafanani hivi. Watu ishirini na sita hawawezi kusimama mahali pamoja. Hakuna mtawanyiko hapa, hakuna uhai. Hizi karatasi umezijaza nyumbani kwako."

Nilimwambia nilikuwa Nyantende, nimelowa mvua, kiongozi wa kikundi anaweza kuitwa. Hakuniuliza niliwakalishaje wale akina mama, hakuniuliza nani alianza, hakuuliza chochote ambacho mwalimu wa mbinu za utafiti angepaswa kuuliza. Aliifunga bahasha akanirudishia kwa ncha za vidole viwili. Mbele ya katibu wake. Mimi, niliyewanyima wanafunzi wangu alama kwa kunakiliana, niliitwa mwongo kwa kitu ambacho sikukifanya, nikashuka ngazi nimewaka hasira.

Hasira ile niliibeba nzima nzima hadi Nyantende. Nilimkuta kiongozi shambani, nikamwambia bila hata kumsalimu vizuri kwamba wameniharibia kazi, kwamba nitapoteza mwaka, kwamba walipaswa kusema ukweli wa kila mtu na si kufuatana kama mbuzi. Alisimama akaegemea jembe lake, akaniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, na upole wake uliniuma kuliko kama angepiga kelele:

"Mutoto wangu, tuko na kilio. Ule maman alianza, mutoto wake wa sita alienda kutafuta dhahabu kule Shabunda. Shimo ilimuangukia. Mwili haiyafika mupaka leo. Uliona wapi mutu anapita mwenye kilio?"

"Sisi hapa," akaendelea, "mwenye kilio hatumupiti. Hatuvai kumupita, hatucheki kumupita. Kama yeye iko ku mbili, mimi nitaenda ku tano namna gani? Na macho yake inaniona?"

Nikamwuliza, na kama macho yake hayakuoni? Ukiwa peke yako nyuma ya kanisa? Alicheka kidogo. "Jaribu."

Nikajaribu. Wiki iliyofuata niliwaita mmoja mmoja nyuma ya ukuta wa kanisa, kama vile vitabu vinavyotaka, pasipo jicho la mtu. Ishirini na sita walikuja, na ishirini na sita waliweka punje kwenye kipandio cha pili. Mmoja, msichana aliyeolewa juzi, punje mkononi, tabasamu limemjaa usoni hata akashindwa kulificha, alisema, "Ya kweli ningepanda. Lakini hapana. Kilio haiyaisha." Akaiweka kwenye pili pamoja na wenzake.

Niliporudi mjini nilikuwa sisikii mvua wala matuta ya barabara. Nilikuwa nimekipata kile nilichokiingilia chuoni. Niliuliza nini kinawasimamisha watu, na hawa walinionyesha kwa macho yangu: wanashuka wote hadi pale alipo mmoja wao, wanakaa naye hapo mpaka matanga yaanuliwe. Niliandika kurasa kumi na moja bila kusimama. Nilidhani msimamizi wangu akizisoma ataniomba radhi.

Alizisoma. Akasema ni hadithi nzuri, ningeweza kumpa mtu wa anthropolojia. "Lakini wewe unapima kuridhika kwa mtu mmoja mmoja. Hawa hawajapima kitu." Nikasema basi niwatoe, niandike kwa nini. Akasema nikiwatoa nitabaki na sabini na wanane, na yeye alisema mia, na kikao cha kutetea ni baada ya wiki tano, kingine hakijulikani kama kitakuwepo. Kisha akateremsha sauti, akawa rafiki. "Zipe uhai kidogo. Wewe mwenyewe unasema msichana yule angepanda. Si uongo kumpandisha. Unawapandisha wachache pale ambapo wangekuwa. Ni kusahihisha upotofu tu."

Hasira hasara, watu husema. Mimi hasara yangu ilinijia siku ile hasira iliponikosa. Ningekuwa nayo pale ofisini, hata robo ya ile niliyommwagia mama wa watu shambani kwake, ningepiga meza. Badala yake nilisema, "Nimeelewa, Profesa." Karatasi za kweli aliziita za uongo, na ili zionekane za kweli alinitaka nizitie uongo, na mimi nikashukuru kwa Kifaransa kizuri na kufunga mlango polepole nyuma yangu.

Nilifanya hivyo Jumamosi mchana, kwenye ofisi ya shule, umeme ulipokuwepo. Kumi na wawili niliwaacha kwenye pili. Kumi na wanne nikawapandisha: watano kwenye tatu, sita kwenye nne, watatu kwenye tano. Yule msichana nilimpa tano, nikajiambia anastahili. Mama mwenye msiba sikumgusa. Kompyuta ilichora kilima kizuri chenye mteremko, kama vile vya kwenye vitabu. Msimamizi aliandika pembeni, kwa wino wa kijani, "Vizuri sana." Zile kurasa kumi na moja zikawa aya moja, kisha hata aya akaifuta.

Siku ya kutetea, huku kwetu, ni nusu mtihani na nusu harusi. Ukoo mzima unakuja na vitenge vya sare, sahani za sambaza, dagaa wa ziwa letu, na ndizi zinasubiri kwenye chumba cha pili, na hata anayekwama kwenye swali hupigiwa makofi na shangazi zake. Kiongozi wa Nyantende alikuwa ameniuliza siku ile nyuma ya kanisa kama watakaribishwa, nami nikasema karibuni sana, kwa adabu tu, kama unavyomkaribisha mtu chakula unapojua ameshiba. Asubuhi ile mvua ilinyesha, nikaomba Mungu iendelee.

Walikuja tisa. Walikaa safu ya nyuma, kapu la maharagwe na kuku mmoja aliyefungwa miguu chini ya kiti. Mama mwenye msiba alikuwa katikati yao, na kitenge kilekile cha rangi ya kahawa.

Nilijiambia ninasema Kifaransa, hawataelewa. Kweli, maneno hawakuyaelewa. Lakini msimamizi alikuwa amesisitiza niweke picha ya ngazi, kwa sababu jopo hupenda ubunifu. Ilitokea ukutani, kubwa kuliko mlango: vipandio saba, na doa moja jekundu kwa kila mama wa Nyantende. Sikuhitaji kuwafundisha kuisoma, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwa katoni na maharagwe. Nilikuwa nasema mambo ya wastani na mkengeuko, na nikaona nyuma kule safu nzima inainua macho pamoja. Mmoja alinyoosha kidole akihesabu. Kisha wakaanza kutazamana. Hawakunitazama mimi hata kidogo, walitazamana wao kwa wao, na yule msichana aliyeolewa juzi akainamisha kichwa kama aliyekamatwa na cha wizi mkononi.

Nilimaliza. Maswali nilijibu, sikumbuki vipi. Jopo lilitoka, likarudi, nikapewa sifa kubwa. Mama yangu alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Msimamizi alinishika bega akaniambia mbele ya watu kwamba nimethibitisha kuwa furaha ipo hata Nyantende. Nilitamani kumtemea mate. Nilitabasamu, nipo kwenye picha nikitabasamu.

Tulipohamia kwenye chumba cha chakula, wale tisa walikuja kunipongeza kama desturi inavyotaka. Kiongozi alinipa kapu, akanipa kuku, akasema neno la heri, lakini hakuwa na uso wake. Wengine walisimama mbali mbali, kila mmoja peke yake. Sijawahi kuwaona wakisimama hivyo. Halafu mama mwenye msiba akaja mbele yangu. Sikuwa nimewahi kusikia akisema zaidi ya lile neno "sita".

"Maman professeur," akaniita, na mimi si profesa wa mtu. "Siku ile niliweka haragi yangu ku mbili. Wewe haukuniuliza sababu."

"Ndiyo, mama. Sikukuuliza."

"Moja ni ya mutu hana batu. Mimi niliona niko na batu. Njo maana niliweka mbili." Aligeuza uso kidogo kuelekea kwa wenzake, kisha akaurudisha kwangu. "Sasa nimeona kule ku mur, ku ukuta. Kumi na ine walinipita. Sikasiriki, kila mutu na moyo yake. Lakini ya kwangu ibadilishe. Andika moja."

Niliweka kapu chini. Watu walikuwa wanakula, jopo lilikuwa hatua tatu kutoka kwangu, msimamizi anacheka na mama yangu. Ningeweza kumshika mkono nimpeleke nje nimwambie taratibu. Nililifikiria hilo, nalikiri. Lakini kumwambia nje kungewaacha wale wanane ndani wakiendelea kutazamana, na mmoja akienda nyumbani na kosa ambalo si lake.

"Hakuna mutu alikupita, mama," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Bote balibaki ku mbili. Wote. Mara ya kwanza na mara ya pili. Ni mimi nilibadilisha. Nilibadilisha na mukono yangu hii, niliambiwa nibadilishe na nikakubali. Usiandikwe moja. Batu yako ni hawa, hawakukuacha."

Yule msichana akaanza kulia kwa sauti. Kiongozi alinijia, na sitasema alinikumbatia, kwa sababu hakunikumbatia. Alinitazama kwa hasira niliyoistahili yote, akamshika mwenye msiba mkono, na wengine wakasogea wakawazunguka hao wawili hadi sikumwona tena mama yule, niliona migongo tu.

Mama yangu alikuwa ameshika kijiko hewani. Msimamizi alisema haraka, kwa Kifaransa, kwamba madamu amechoka, ni siku ndefu, tumwachie apumzike. Mwenyekiti wa jopo, mzee aliyetoka chuo kingine na asiyejua Kiswahili chetu vizuri, aliiweka sahani yake ya sambaza kwenye kiti. Aliniangalia, akamwangalia msimamizi, akaniangalia tena. Akaniomba nirudie nilichosema, kwa lugha ambayo jopo lote litaielewa.

Nikarudia kwa Kifaransa, neno kwa neno.